Kibofu cha Jeki na Ndoa ya Zuhura

Kwa mdogo wangu Bakari bin Omari, Kilwa Kivinje.

Salamu zangu zikufikie wewe kwanza, halafu ndipo uwagawie wenzako. Kama hapo nyumbani kuna mgonjwa niandikie kwa jina lake, usiniandikie "wote hawajambo" kama ulivyofanya mwaka jana, kumbe shangazi yuko kitandani hageuki. Mimi mwili wangu mzima. Mikono ndiyo imepasuka, na sababu yake utaisoma humu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna karani aliyeishika, basi herufi ukiziona zimelala ziinue wewe.

Barua yako nimeipata. Nimeona kwamba posa imekubaliwa, na kwamba Maalim amesema harusi iwe Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, wananingoja mimi tu nije nimuozeshe binti yangu Zuhura kwa mdomo wangu. Nami niliapa hivyo siku tulipomzika mama yake, ulikuwepo. Kanzu nimeshanunua, ninayo humu sandukuni, na nafasi kwenye lori la Kilwa nilikuwa nimeshaiweka, lile la mwisho kabla mvua haijakata njia ya Rufiji.

Sasa sikiliza jambo lililonifunga.

Unajua mimi ni korokoroni wa yadi ya mbao hapa Gerezani, ya yule Bwana Mgiriki, na unajua hakuna korokoroni Dar es Salaam nzima anayeogopwa kama mimi. Yadi ina mbwa, anaitwa Jeki, mkubwa kama ndama, tunalinda naye. Asubuhi moja kabla watu wa kazi hawajafika nilikuwa nimeegemea rundo la mbao za mvule. Nilikuwa nimefumba macho tu. Jeki akaanza kubweka mbele yangu, akabweka mpaka akanikera, nikainuka na fimbo nimchape. Akarukia pale nilipotoka mimi. Rundo likaporomoka lote, likamkuta yeye mgongoni.

Hakufa. Lakini kuanzia kiunoni kurudi nyuma akawa kama nguo iliyoloa, miguu inaburutika, na haja ndogo haijui inatoka lini. Bwana akamleta daktari wa mifugo. Daktari akampapasa uti wa mgongo, akasema haukukatika, umeumia, huenda ukapona mbwa akilazwa mahali padogo asizunguke. Kisha akatutazama sisi wafanyakazi akauliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Nani hapa anajua kukamua?"

Kuna Mgogo mmoja hapa anaitwa Ndahani, kazaliwa zizini, ndiye alikuwa wa kujibu. Mimi nikawahi. Nikasema, "Mimi, Bwana. Kwetu Kilwa nimekamua ng'ombe mpaka wakinisikia nakohoa wanajipanga wenyewe."

Usicheke, Bakari. Najua kwetu na ng'ombe wapi na wapi, hata yule mbuzi wa marehemu baba alikuwa dume. Lakini nilifikiri mbwa atapewa maziwa ya kunywa na mimi nitapewa ng'ombe, na nani asiyetaka ng'ombe? Kumbe anakamuliwa mbwa. Anakamuliwa mkojo.

Daktari akaishika mikono yangu akaiweka tumboni mwa Jeki, huku na huku, mbele ya mapaja. Ndani kuna kitu cha mviringo kama chungwa bichi. Hicho ndicho kibofu. Unakishika kwa viganja, unakibana taratibu ukikisukuma nyuma, mpaka mkojo utoke wote na chungwa lilegee. Ukikiminya kwa nguvu kinapasuka. Ukikiacha kikajaa, mkojo unaoza ndani, mbwa anashikwa na homa anakufa. Basi ni alfajiri, adhuhuri, jua likizama, na kabla sijashika lindo. Siku ya kwanza nilibana wee, halikutoka tone, halafu nilipoinama kutazama mkojo ukaja wote usoni mwangu. Ndahani akaketi chini kwa kicheko. Akaniuliza, "Mzee Mshamu, huyu ng'ombe wa Kilwa ana chuchu ngapi?"

Siku hizi hakuna wa kunifundisha kitu. Nikikipapasa najua kimejaa au nusu. Nikiunusa mkojo najua kama umeanza kuharibika, na daktari akija ananiuliza mimi kwanza.

Shida nyingine ni kwamba kati ya kukamua na kukamua anavuja. Walimtandikia pumba za mbao, tunazo tele, zikaloa zikamganda, ngozi ya mapaja ikawa nyekundu ikaanza kuchubuka. Gunia likawa hivyo hivyo. Nikawaza peke yangu, nikachukua mbao nikaunga kitanda kifupi, nikakisuka kwa kamba ya makumbi ya nazi, macho mapana, chini nikaweka karai. Akivuja inapita kambani inaanguka. Namwosha kwa maji na sabuni, namkausha, nampaka mafuta ya nazi, namgeuza ubavu asifanye vidonda. Bwana Mgiriki alipokiona kile kitanda aliwaita Wazungu wenzake waje kukitazama.

Lakini Bi Tatu, mama mwenye nyumba ninayopanga Kariakoo, habari zilipomfikia hakusifu. Alinikuta mlangoni akaniambia, "Baba Zuhura, binti yako anaolewa hujamshonea hata besera ya kitanda, mbwa umemsukia kitanda kizima." Nikachukua fimbo yangu nikarudi yadini.

Na huyo mbwa ni najisi, Bakari, sikusahau dini. Kila nikimshika naye ameloa naosha mikono mara saba, moja ya udongo, kila safari, mchana kutwa. Nina ndoo yangu ya udongo safi hapo ubavuni mwa kitanda. Ndiyo imeniunguza mikono, udongo na sabuni, vidole vinatoka damu nikivikunja. Nguo za yadi nazivua yadini. Hata hivyo msikitini nikiingia safu, aliye pembeni anasogea kidogo, anajifanya anatafuta nafasi ya kuweka kofia. Sasa sitoki tena, nasali hapa hapa juu ya mkeka nyuma ya ghala. Bwana alifurahi, akasema basi nilinde na mchana pia. Kariakoo naisikia kwa masikio tu. Ndahani ndiye ananiletea chakula, na vichwa vya samaki vya Jeki kutoka Feri.

Nilimwambia Bwana nina harusi ya mtoto, anipe ruhusa. Hakukataa, na hapo ndipo aliponikaba. Alisema, "Wewe nakwenda Kilwa, mimi hapana kataza. Siku wewe nakwenda, mimi naita daktari na sindano. Mimi hapana taka mbwa naoza."

Nikamwita Ndahani nimfundishe. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu, hilo ninakuambia wewe tu. Lakini Jeki hakumkubali. Mara ya kwanza alimng'ata kidole, mara ya pili alimng'ata mkono, na mara ya tatu Ndahani mwenyewe akasema kwao hawakamui kitu chenye meno ya juu. Tukamfunga Jeki mdomo kwa kamba. Akajikaza tumbo likawa gumu kama ubao, halikutoka tone, mpaka nikaja mimi nikamsemesha, akalegea.

Bakari, sikufichi. Siku moja nilikaa nikamtazama nikasema, leo sikukamui. Nikalala kifudifudi mkekani. Mtu akiniuliza nitasema alijifia, na mimi lori halijaondoka. Adhuhuri ikapita. Hakulia, hakubweka, alinitazama tu kama anayengoja zamu yake kwa mwenye duka. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua na ya Kihindi pia, halafu nikainuka nikamkamua. Mimi sishindwi na mbao, na sishindwi na mbwa.

Juzi daktari amekuja. Amemfinya vidole vya mguu wa nyuma, Jeki ameuvuta mguu. Na nikimwinua kwa taulo chini ya tumbo nikampeleka penye nguzo, mara moja moja anakojoa mwenyewe kidogo, kisha nammalizia mimi. Daktari anasema amerudi njiani, lakini bado mwezi au zaidi, na akiachwa sasa kazi yote imepotea. Nilimwomba aniambie jambo jingine. Akafunga mkoba wake akaenda zake.

Lori limeondoka leo asubuhi. Nimelisikia likipiga honi.

Basi harusi isiningoje. Zuhura amekaa akingoja muda mrefu, na mimi sitaki watu waseme posa imelala kwa sababu ya baba. Kanzu naituma pamoja na barua hii kwa mkono wa mtu wa Kivinje anayekuja huko kwa jahazi, uivae wewe siku hiyo, mabega yetu ni mamoja ingawa mimi nimenyooka zaidi. Watu wakiuliza niko wapi, sema niko kazini, Bwana hawezi kuniacha. Hiyo ni kweli. Zuhura mwambie yote, na neno la mbwa usilifiche, ila usimwambie mbele ya wakwe.

Nisalimie shangazi, umwambie kwa sauti. Nisalimie mkeo, na fundi cherehani baba mkwe wa Zuhura, na Maalim aliyenipiga bakora chuoni, umwambie ile bakora ndiyo inaandika barua hii.

Hapa chini nayaandika peke yake maneno ya kukuwakilisha wewe umuozeshe mahali pangu. Mashahidi ni mume wa Bi Tatu na mwadhini wa hapa Gerezani, wamekuja hapa yadini wakaweka vidole. Uikate karatasi hapa kwenye mstari, umpe Maalim kipande cha chini tu, asisome habari za mkojo.

————————

Mimi Mshamu bin Omari, niliye Dar es Salaam, mwenye akili zangu, nimemwakilisha ndugu yangu Bakari bin Omari amuozeshe binti yangu Zuhura binti Mshamu kwa mahari waliyokubaliana. Mdomo wake ni mdomo wangu. Nami niko radhi naye, na niko radhi na binti yangu, na ninamwomba binti yangu naye awe radhi na mimi.