Kigari Kilichokata Kushoto

Magomeni, Mtwara

Dada yangu mpendwa,

Keti kwanza. Nina heshima kubwa kuutangazia ukoo wetu wote kwamba mdogo wako, na kipara chake, sasa ana gari. Lina usukani, lina tairi nne. Linaingia pia ndani ya kapu la samaki.

Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila nimenenepa, na hapo ndipo penye habari.

Ni gari la kuchezea. Baharia mmoja alinipa hapa bandarini nilipomtengenezea pasi. Unaliongoza kwa kisanduku chenye antena, na betri nilizipangia foleni duka la ushirika. Ubovu wake mmoja: lilikata kushoto. Alasiri ya kwanza lilikata uani, likasimama mlangoni kwa jirani yangu Bi Somoe. Mwanawe Hamisi alichukuliwa na mto Ruvuma kule Kitaya, mwili haukuonekana, na mama alikuwa amekataa hitima isomwe.

Kesho yake nilikuwa barazani, kisanduku nimekizima, kipo mapajani. Gari likaguna. Magurudumu yakageuka taratibu, kama mtu anayegeuza shingo, likaenda. Mlango uleule. Siku ya tatu vilevile, saa ileile. Nywele zingenisimama, kama ningekuwa nazo.

Bi Somoe alichuchumaa akaligusa. "Lina mchanga wa mtoni," akanong'ona. "Hamisi alikuwa akirudi saa hizi."

Akaanza kumwandalia ugali wa muhogo na samaki, sahani kizingitini. Chakula kikipoa, ananiita: "Kula, mtu wa bara. Wewe ndiye unayemleta."

Jumamosi nikamkuta anafunga mzigo kwa kanga. "Naenda kukaa ukingoni Kitaya. Ananiita. Siondoki mpaka atoke." Kaka yake, balozi wetu wa nyumba kumi, alinitazama mimi tu.

Nisalimie shemeji, shangazi yetu asiyesikia ila akisengenywa, na yule fundi cherehani. Mwambie suruali yake haifungi tena.

Sasa ukweli wenyewe, dada. Jumanne nililifungua lile gari. Pini ya usukani ilikuwa imelika, tairi zinalala kushoto. Tena kila siku nilizima kisanduku, nikaliacha gari likiwa macho, swichi yake ya tumboni sikuizima. Redio ya bandarini ikianza kuita meli alasiri, nalo linadhani limeitwa. Nilijua, nikanyamaza siku nne, kwa ajili ya samaki.

Jumamosi ile nikatia pini ya njiti ya mwavuli, na mchonga vinyago akanichongea kishikio cha mpingo cha kuibana. Nikaliendesha mbele ya Bi Somoe. Likaupita mlango, likanyooka hadi barabarani.

"Leo amepita," akasema.

"Hakuwemo, mama. Ilikuwa hii." Nikampa pini kuukuu.

Akaigeuza kiganjani muda mrefu. "Umejua tangu lini?"

"Jumanne."

"Na jana umekula."

"Nimekula."

Akaufungua mzigo, kanga akajifunika kichwani. "Someni hitima," akamwambia kaka yake. "Huyu asipewe wali."

Imesomwa Ijumaa. Sikupewa.

Mdogo wako mwenye gari,
Elia