Mikono Yako Ilivyofika Jangwani

Likoni,
19 Juni 1949

Mama yangu mpendwa Nyamvula,

Shikamoo mama. Nakuamkia wewe kwanza, kisha baba, kisha ndugu yangu Kefa anayekusomea barua hii, na wote wa hapo nyumbani Rabai. Je, goti limepata nafuu? Na mahindi, mvua zimeyatosha? Mimi ni mzima wa afya, ila midomo ingali imepasuka kwa upepo wa huko nilikotoka, na jua limenibadilisha hata jirani yangu Margret alinipita kivukoni asinitambue.

Najua mmeulizana kwa nini mwezi mzima sikuandika. Nilikuwa safarini, mama, na si safari ndogo. Memsabu ninayemfulia hapa Shelly Beach ni mtu wa kukusanya majani na maua. Huyakausha katikati ya magazeti na kuyapeleka kwao yakasomwe. Mwaka huu alipata ruhusa ya serikali kwenda jangwa la kaskazini, kutazama mimea na kujifunza desturi za watu wa huko. Mpishi wake alikataa, akasema huko hakuna ila simba na kiu. Mimi nikasema nitakwenda.

Tulipanda gari la moshi hadi Nairobi, kisha lori siku nne. Nilidhani jangwa ni mchanga kama wa ufuoni. Kumbe hili liko juu, mama. Tulipanda na kupanda, miti ikipungua, mpaka ikabaki nchi ya mawe meusi na nyasi kavu, mchana jua kali, na asubuhi baridi ya kukufanya uvae nguo zote ulizo nazo.

Kiongozi wetu aliitwa Boga, Mgabra wa makamo aliyewahi kuwa askari polisi. Kiswahili chake ni cha kambini, na mimi mtu wa pwani nilikuwa nikiuma mdomo nisicheke. Siku ya tatu nilikoma. Boga alitazama kinyesi cha ngamia njiani, akatuambia mnyama yule alikunywa maji siku tano zilizopita, na tulipomkuta mwenye ngamia akasema ni kweli. Alitukwangulia gome la mti, likatoka utomvu, nikanusa: ubani! Ubani uleule wa dukani Mombasa, nimeuona unatoka mtini. Na manemane pia, ile tunayoisikia kanisani kila Krismasi, nimeishika kwa vidole vyangu. Nadhani hata katekista wetu hajaishika.

Tulipofika kwenye kambi ya watu wake, Boga alilisimamisha lori mbali ili ngamia wasishtuke, tukaenda kwa miguu. Nyumba zao ni za fito zilizopindwa, mikeka na ngozi, na nyumba ni mali ya mke. Siku ya kuhama yeye huibomoa na kumpakia ngamia. Asubuhi unaona mji, adhuhuri huoni kitu. Memsabu alikuwa na maswali mengi ya wanawake, lakini Boga, kwa kuwa ni mwanamume, hakuweza kuwauliza, na Memsabu mwenyewe walimwonea haya. Mimi walinishika mkono wakaniingiza ndani, wakaipapasa leso yangu, wakanipa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, wakanieleza mambo yao kwa ishara na kwa maneno machache niliyofundishwa na Boga. Nikitoka namhadithia Memsabu, naye anaandika. Kwa hiyo, mama, habari za wanawake zilizo katika daftari lake ni maneno ya mwanao.

Siku ya nne hapo, asubuhi, msichana mmoja aitwaye Talaso alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mumewe na mkunga wao walikuwa wamekwenda visimani na ngamia, mwendo wa siku mbili. Jua lilipofika utosini mtoto alikuwa bado, na wanawake wakaanza kulia. Memsabu akataka apakiwe kwenye lori apelekwe Marsabit. Niliingia nikamtazama, nikatia mkono juu ya tumbo kama ufanyavyo wewe, nikajua kichwa kiko juu. Nikatoka nikamwambia, "Memsabu, huyu hafiki. Atazaa hapa, na mimi nitamzalisha."

Alinitazama kana kwamba hajawahi kuniona. Kisha akaniuliza nahitaji nini. Nikataka maji ya moto, sabuni na vitambaa safi.

Boga alisimama nje, mgongo kwenye mikeka, uso ameugeuzia mbali, akitafsiri. Miguu ilipotokeza, wanawake wawili walitaka kumvuta mtoto. Nikamwambia Boga, "Waambie asimguse mtu mpaka niseme mimi." Nikampigisha Talaso magoti, akamshika mwenzake shingoni, nikangoja. Mama, kungoja kule! Mikono ilitaka kuvuta, nami nikaizuia, nikisikia sauti yako. Mwili ukashuka wenyewe, na mwisho nikakiongoza kichwa taratibu. Alikuwa kimya. Nikamsugua mgongo kwa kitambaa mpaka akalia. Mtoto wa kike. Vigelegele vilisikika hadi kwenye lori.

Wakauliza ni nani aliyenifundisha. Nikataja jina lako, nao wakalirudia, kila mmoja kwa namna yake, Nyamvula, Nyamvula, mpaka likakaa sawa. Sijapata kuona fahari kama ile.

Kefa, ukifika hapa, soma polepole na usiruke neno.

Mama, wewe unadhani niliidharau kazi yako nikakimbilia Likoni. Sivyo. Unamkumbuka Kaviha, mke wa Kombe, miaka tisa iliyopita. Mama mkwe wake alinituma nikuite sokoni Mazeras. Nilipofika stesheni nikakuta gari la moshi limejaa askari wanaokwenda vitani, wanaimba. Nikasimama kutazama mpaka likaondoka, na halikuondoka upesi. Nawe ulipofika kwa Kaviha, wanawake walikuwa wamekwisha kumvuta mtoto, na mtoto amekufa. Nikasema nilikutafuta sokoni nisikuone. Ulikwenda kwa Kombe kuomba radhi kwa kosa lisilo lako, na tangu siku ile watu wakawa wanamwita mkunga wa Kaloleni. Nilishindwa kukushikia mkoba wako wa ukunga tena kwa sababu ya aibu yangu. Hukuchelewa, mama. Mimi ndimi niliyechelewa.

Yule mtoto wa Talaso hakuufuta ule uongo. Lakini baada ya kusikia jina lako likitajwa kwa heshima na watu wasiokujua, siwezi kuacha litajwe vingine na majirani zetu.

Msalimie baba sana, na shangazi Mwanamkasi, na watoto wote. Margret naye anakuamkia. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Nimepewa ruhusa ya siku tatu, nitakuja Jumamosi. Usimtume mtu kunipokea. Nitashuka Mazeras, niende kwa Kombe na Kaviha niwaambie mwenyewe, ndipo nije kwako.

Mimi mwanao,
Rosalia Mbeyu