Vitenzi Visivyokubali -ing

Jumatatu, 12 Januari 1998
Darasa la saba, vitenzi vya Kiingereza. Vya kutenda upande huu wa ubao: dig, cook, run. Vya hali upande ule: know, own, love. Vya hali havikubali -ing. Nimewaimbisha mara tatu. Hawa, binti wa mfugaji, akabisha: "Mwalimu, kuwa na ng'ombe si hali. Baba huamka alfajiri kwa ajili yao." Nikamwambia akae chini.

Mafuriko hayajapungua. Barabara ya Wema, nyumbani, iko chini ya maji. Hata Krismasi nilikula hapa Garsen, peke yangu.

Jumatano, 14 Januari
Shemeji Komora kaja na mtumbwi. Barua ya mke wangu, Mariamu, ya kwanza kwa Kiingereza! Mimi ndiye niliyemsukuma aende ngumbaru, masomo ya watu wazima. "Baba Jilo, I am loving you. I am knowing you are alone." Nimecheka kwa furaha. Kisha mkono ukafuata mazoea. Nimekata -ing zote kwa kalamu nyekundu, pembeni nikaandika: vitenzi vya hali. Sita kwa kumi. Komora ameondoka nayo. Sikuongeza neno.

Jumanne, 20 Januari
Kimya. Mvua. Kambare tena.

Jumamosi, 24 Januari
Nimemkuta Komora sokoni. Salamu yake baridi. "Shemeji, dada kaifungua ile barua darasani, mbele ya wenzake. Walitaka kusikia mume kajibu nini."

Walisikia. Wakacheka.

Sijala. Mimi mpumbavu, na cheti ninacho.

Jumatano, 28 Januari
Barua. Kiswahili. "Kwa Mwalimu. Mtoto mzima. Ngumbaru nimeacha. Tumehamia kwa mama. Usihangaike kujibu."

Miaka minane naitwa Baba Jilo. Mwalimu ni jina la watu wa nje. Nimeogopa.

Ninalima, ninapika, ninakupenda. Kwetu vyote vina -na-, vyote vinaendelea. Mariamu hakukosea hesabu ya maisha yake: alikuwa akilima, akipika, akimlea mtoto, akinipenda, yote kwa siku moja. Mimi nikampa sita.

Nimeomba ruhusa ya kwenda Wema. Mwalimu mkuu amenikumbusha mamba. Nimemjibu nitakwenda hivyo hivyo.

Jumamosi, 31 Januari
Wema, kwa mama mkwe. Komora amenivusha kwa mtumbwi. Nimefika saa nne, suruali imelowa hadi kiunoni. Nimepewa kigoda nje. Nimekiri kosa langu lote, kwa Kipokomo, lugha yetu, kwa sauti ya kusikika hadi uani. Mama mkwe akaitikia tu, "Haya."

Jilo amekuja kunitazama. Amerefuka. Sasa ameegemea goti langu.

Mariamu yuko nyuma ya nyumba, anatwanga mpunga. Hajasema niingie. Hajasema niondoke.