Wimbo wa "Tuwaachie" na Tumbo Langu

Mazingara, Handeni
Jumapili, baada ya alasiri

Mdogo wangu mpenzi Zamda,

Assalaam alaykum. Natumaini maneno haya yatakukuta umekaa barazani kwako hapo Hale, magoti hayakusumbui sana, na shemeji bado anabishana na redio kama desturi yake. Nikisikia mko wazima, roho yangu itatulia. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Vuli imenyesha kwa ubahili. Mahindi yamefika magotini yakasimama, kama wanafunzi waliosahau kilichowatoa nje. Husna, mke wa mwanangu, ananitunza kuliko ninavyostahili. Ananipikia bila chumvi kama ulivyomwagiza, na kila asubuhi ananiambia kwamba leo nimeamka na uso mzuri. Ni mwongo, lakini mwongo mwenye adabu.

Habari za afya yangu unazijua kunishinda. Wewe ndiye uliyenipeleka hospitali Korogwe katika mwezi wa Ramadhani, na ni wewe ambaye daktari alikuwa akikutazama wakati anazungumza nami. Ini limekwisha, maji yanajaa tumboni, na dawa ni za kupunguza tu. Nilikuomba usimwambie mtu kwa kuwa niliona aibu, nawe ukakubali. Nimeshona kanzu pana. Sikupigii simu kwa sababu siku hizi napokelewa simu na kuwekewa spika ili mzee asichoke mkono, na haya ninayokuandikia si ya kusikiwa na nyumba nzima.

Bila shaka umeusikia wimbo wa "Tuwaachie". Kama hujausikia basi Hale ni mahali penye baraka. Huku unapigwa dukani, mashineni, kwenye bodaboda, hata kwenye simu ya mwalimu mkuu inapoita. Ni wimbo mlaini kama uji wa mgonjwa. Gitaa linakunwa taratibu, kama mtu anayekuna upele asioutaka upone, halafu binti anaimba kwa sauti ya kubembeleza kwamba tuwaachie, tuwaachie watoto wa kesho upepo mwanana, tuwaachie kivuli, tuwaachie maji. Nani amwachie nani, kwa njia gani, na nani ahame shamba lake, wimbo hausemi. Nimefundisha Biolojia zaidi ya nusu ya umri wangu na sijawahi kuona mti uliosimama kwa sababu umebembelezwa.

Mwimbaji anaitwa Yusra, wa Dar es Salaam. Alikuja baada ya Iddi na magari mawili ya watu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Sharifu, alinijia mbio mbio akihema, akasema wilaya imebariki, wageni wanataka kupiga picha za wimbo wao Kwamzimu, ndani kabisa, kwenye mivule na chemchemi. Nikamkumbusha kwamba Kwamzimu, msitu wa mzimu wa ukoo wetu, haingii mtu, na kwamba yeye mwenyewe, pamoja na suruali zake za kunyoosha kwa pasi, huzunguka njia ya mbali akitoka kilabuni ili asipite karibu. Akacheka cheko la woga, akasema mzee, hayo ni mambo ya zamani, sasa tunatangazwa dunia nzima. Nikamwuliza dunia nzima itakuja kunywa maji yetu? Akasema mwalimu naye hukosi neno.

Nikamkatalia, kama mtunzaji wa mzimu. Ndipo yule binti akashuka garini, akapiga magoti kwenye vumbi na nguo yake nyeupe, akaniambia shikamoo babu, akasema bila uso wangu wimbo hauna mizizi. Zamda, mimi ni mtu niliyesoma, na bado nilitekwa na sentensi ile. Nikavaa koti langu la kustaafia. Nikashika fimbo ambayo sikuihitaji wakati ule, nikawatangulia hadi ndani.

Ungewaona. Walikuja na mashine ya kutengeneza ukungu, kana kwamba Mungu alisahau kuuweka. Walikuja na kidude cha kuruka kinacholia kama nyigu. Walimweka binti juu ya yale mawe ya kaburi la babu wa mababu, miguu peku, akichezesha mabega. Mimi nilisimamishwa kando nikaambiwa nitazame mbali, kama ninaviona vizazi vijavyo. Nikatazama. Nilichokiona ni mbuzi wa jirani yangu Hiza akila mihogo ya Husna. Katika picha iliyotoka naonekana kwa muda wa kupiga chafya moja, na watu wamenipongeza kwa hekima iliyo usoni mwangu.

Walipoondoka waliacha chupa za plastiki ndani ya chemchemi. Sharifu akafanya karamu ya uzinduzi uwanjani, mbuzi wakachomwa kwa mkaa, wageni wakatafuna huku wimbo unaimba tuwaachie. Hakuna aliyeuliza mkaa ule ulitoka mti gani. Walivaa fulana za kijani.

Sasa nikueleze madhara, maana hao wenye fulana hawakuyaona wala hawatayaona. Wewe na mimi tumekua tukijua kwamba aingiaye Kwamzimu kukanyaga kaburi au kukata mti huvimba tumbo hadi afe. Kila mtu hapa amekua akilijua hilo. Mikokoteni ya ng'ombe imepita, wachoma mkaa wamekuja kutoka pande zote, mapori yamefyekwa kushoto na kulia, na mivule ya Kwamzimu imesimama kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Kisha picha za wimbo zikaingia kwenye simu. Kijiji kizima kikamwona msichana anacheza juu ya kaburi la babu wa mababu, peku, akirusha nywele. Wakangoja. Wiki zikapita, wakamwona tena kwenye televisheni, tumbo bapa kama sinia. Vijana wakaanza kutaniana vijiweni. Walisema kumbe mzimu wenyewe unapenda mziki. Mwingine akasema umestaafu, haulipwi pensheni. Nilikaa nikiwasikia.

Mwezi uliopita mvule wa kwanza ulianguka. Niliusikia kutoka kitandani. Nikamtuma Husna kwa Sharifu. Akajibiwa kwamba suala linashughulikiwa, na kwamba kijiji kimepanga kufanya tamasha la mazingira. Mvule wa pili ukaanguka. Nikamwita Hiza aniweke kwenye bodaboda yake anipeleke huko. Alinisihi nisiende, akasema mzee utakata roho njiani. Nikamwambia aendeshe taratibu na afunge mdomo.

Tuliwakuta watano wanapasua gogo. Kwenye pikipiki yao walikuwa wamefunga spika, na katika spika ile, mdogo wangu, ulikuwa unapigwa "Tuwaachie". Walikuwa wanakata mivule yetu kwa mdundo wake. Sikukasirika hata. Niliona ndiyo kazi pekee ambayo wimbo ule unaifaa.

Kiongozi wao ni Hussein, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyefaulu Biolojia kwa kuchungulia. Aliponiona alipunguza sauti ya spika, akaniambia shikamoo mwalimu, akafuta jasho. Hakukimbia. Zamani angekimbia.

Sasa nafika mahali ambapo mkono wangu unataka kuacha kalamu, na si kwa ajili ya ugonjwa. Nina mambo mawili ya kukueleza, na la kwanza litakuuma.

Kwamzimu hakuna kaburi. Hakuna babu wa mababu aliyelala pale. Yale mawe aliyapanga babu yetu mzaa baba, wakati watu walipoanza kufyeka kila kilichosimama, akaona chemchemi inataka kufa. Aliwasihi wasikate, wakamcheka. Basi akayabeba mawe, akayapanga kama kaburi, akatoka porini na hadithi ya kuvimba tumbo. Alimrithisha baba uongo huo, na baba akanirithisha mimi siku niliporudi kutoka chuo cha ualimu, akasema ninayemwachia ni wewe kwa kuwa umesoma, mjinga angeuamini. Ile siku ya kila mwaka nilipoingia peke yangu na kuku mweupe kufanya tambiko, nilikaa juu ya mawe nikasoma gazeti mpaka muda upite, nikatoka na uso wa huzuni. Kuku walifaidi vicheche. Najua ulikuwa ukipita njia ile umefumba macho na mtungi kichwani, ukajikwaa, ukauvunja, ukachapwa. Nilitamani kukuambia. Nilinyamaza kwa sababu siri ya watu wawili huwa imeanza safari.

La pili nililifanya mbele ya Hussein na wenzake. Nilishuka kwenye bodaboda, Hiza akinishika kwapa. Nikafunua kanzu.

Walilitazama tumbo langu. Unajua lilivyo: limetuna, linang'aa, mishipa imetambaa juu yake, kitovu kimetoka nje. Mmoja akaachia msumeno. Nikawaambia tazameni vizuri. Mlikuwa mnangoja binti avimbe. Yule ni mgeni, mgeni haadhibiwi. Anaadhibiwa mwenyeji aliyemwingiza. Nikawaambia wazee waliolala pale wameanza nami kwa kuruhusu tu, wajipimie wenyewe watakavyofanywa wanaokata.

Hussein alijikaza. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mwalimu, si wewe uliyetufundisha kuwa tumbo la namna hii ni maradhi ya ini? Zamda, nilijisikia fahari na aibu kwa pamoja. Katika darasa lote, yeye ndiye aliyekumbuka. Nikamjibu kwamba niliwafundisha ya mtihani, na haya si ya mtihani. Kwa jibu hilo nilifuta kazi yangu yote ubaoni. Waliondoka wakiacha gogo, magunia, hata spika, ambayo iliendelea kuwaimbia miti mpaka ilipoishiwa chaji.

Tangu siku ile hakuna shoka lililosikika Kwamzimu. Watu wanapita kunitazama. Wanakaa, wanasema pole mzee, macho yao yako kwenye kanzu. Nawaona wanavyoogopa, na kusema kweli nawadharau, kama ninavyomdharau Sharifu na fulana zake, na binti na gitaa lake. Lakini dharau hiyo naimalizia kwangu mwenyewe, maana wao angalau wanaamini wanachokisema.

Najua utakalosema. Umekuwa muuguzi maisha yako yote, umewafukuza waganga mlangoni mwa wodi kwa mikono yako. Utasema kesho mama mmoja atamwona mwanawe amevimba tumbo kwa kichocho, na badala ya zahanati atampeleka Kwamzimu kuomba radhi, na mtoto huyo atakuwa juu yangu. Ni kweli, atakuwa juu yangu. Lakini chemchemi ikifa, vitongoji vyote hivi vitachota lambo la ng'ombe, na kichocho kinaishi humo. Nimelipima jambo hili nikilala na nikiamka, na kila nikilipima naelemea kwenye maji. Huenda ninakosea. Nitaulizwa na Yule ambaye hadanganyiki kwa kanzu kufunuliwa.

Ninachokuomba, dada yangu, lumbu langu, ni hiki. Watakaoniosha wataliona tumbo, nao watatoka nje na kusema wanachotaka kusema. Kisha watakugeukia wewe, kwa sababu wewe ndiye mwenye elimu ya maradhi na ndiye uliyenipeleka Korogwe. Neno lako moja, ini, litaangusha kila mti uliobaki. Sikuombi useme uongo. Huo nimeshausema kwa niaba ya ukoo mzima. Nakuomba unyamaze. Na kama dhamiri yako itakataa hata kunyamaza, basi nakuomba usije kunizika. Hakuna mtu duniani ninayetaka awepo pale kuliko wewe. Lakini kaa Hale, nisomee dua ukiwa huko, nami nitajua umenipenda.

Msalimie sana shemeji, mwambie redio imeshinda. Wasalimie watoto na wajukuu, hasa yule mdogo anayekuita daktari. Husna anakusalimu, anasema dawa za kupunguza maji tumboni zimekaribia kwisha ila nimemwambia asikusumbue. Hiza naye anakusalimu. Hajui lolote, na tangu siku ile hataki nauli yangu, anaogopa kuishika.

Nakuweka katika hifadhi ya Mwenyezi Mungu, na ninaomba radhi yako kwanza kabla ya radhi za wengine.

Ni mimi, kaka yako akupendaye,

Sabiri Mhina