Nilimwambia Binti wa Mwalimu Kwamba Komredi Alilia

Mpendwa mshauri,

Mimi si mtu wa kuomba ushauri, mtaani kwetu mimi ndiye ninayeutoa, hata ukimuuliza kinyozi atakwambia kwamba kiti cha dirishani ni changu na watu hunisubiri nifike ndipo mazungumzo yaanze, lakini safari hii maji yamenifika shingoni na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi.

Nina miaka hamsini na nane, kiwanda cha sabuni niliingia nikiwa na kumi na tisa, na tangu hapo nimewaambia watu kwamba nilikuwa mtu wa karibu wa Komredi Mkuu, yule aliyeongoza Mapinduzi, kwamba gari lake la jipu lilitoboka tangi mbele ya geti letu nikaliziba kwa kipande cha sabuni, naye akanishika bega akasema mtu kama wewe namtaka awe waziri, nikakataa kwa sababu mama alikuwa mgonjwa. Kinyozi hunichokoza, "Mjomba, leo Komredi alikuomba ushauri gani?" nami namjibu, "Wa kukunyoa wewe ulimi," watu wanacheka, na kesho yake naongeza chumvi. Ukweli ni kwamba tulipangwa uani juani asubuhi nzima, msafara ukapita, nikaona kofia. Hata hiyo kofia sina hakika kama ilikuwa yake.

Sasa halmashauri imeita mkutano Jumamosi, watu waseme kama picha yake kubwa pale getini ing'olewe au ibaki, na mpwa wangu, karani wa maktaba, anayeandika kumbukumbu za wazee, ameniweka niwe msemaji wa kwanza. "Mjomba, usije ukaniangusha," ananiambia kila siku.

Kumsema vibaya Komredi naona ugumu, mshauri, maana kabla yake watu wa namna yangu tulikuwa watu wa kusaini kwa dole gumba, yeye ndiye aliyetoa amri kila kiwanda kifundishe wafanyakazi kusoma, ubao ukatundikwa stoo, tukakalia makasha ya sabuni, na karani wa stoo akawa mwalimu wetu, mtu mpole mwenye kikohozi, na mpaka leo nikisoma kibandiko cha chupa ya dawa ya mke wangu nasema asante Komredi. Lakini siku moja tulikuwa tunasoma gazeti kwa sauti, gazeti likasema sabuni imejaa madukani, na mtu mmoja akauliza, mbona sisi tunaoitengeneza nyumbani hatuna? Mwalimu akasema, "Umeuliza vizuri. Kusoma ndiko huko." Aliyeuliza ni mimi, nilitaka wenzangu wanione mjanja.

Wiki ile ile katibu wa tawi alikuja na karatasi kwamba mwalimu anawachochea wafanyakazi dhidi ya Mapinduzi, wenzangu wakachovya vidole kwenye wino, mimi nikasema leteni kalamu, mimi naandika. Nikaandika jina langu lote, la baba na la babu, katibu akasema, "Mwoneni huyu, haya ndiyo matunda ya Mapinduzi," wakanipigia makofi nikajiona mrefu. Na usidhani sikujua kilichoandikwa. Nilikisoma chote, silabi kwa silabi, kama alivyonifundisha. Siku ya nne, wakati wa chakula cha mchana, gari likaja likamchukua, na hakurudi.

Mwezi uliopita binti yake alikuja kwangu. Ni fundi cherehani, alikuwa na miaka minne baba yake alipochukuliwa, na tangu apate akili hajapita mbele ya lile geti, huzunguka nyuma ya ukuta hata mvua ikinyesha. Alikaa ukingoni mwa kiti, chai hakuigusa, akasema, "Baba mdogo, wewe ulikuwa unakaa naye. Komredi alijua habari za baba yangu?" Ulimi wangu haukunisubiri. Nikamwambia, "Alijua, mwanangu. Alipoletewa habari aliinama akalia, akasema wameniulia mwalimu." Alilia hata nami nikalia, kisha akasema, "Basi nilikuwa namchukia bure." Sasa mpwa wangu ananiambia kwamba Jumamosi binti huyo atasimama kuomba ile picha ibaki.

Tangu hapo kwa kinyozi siendi. Nikinyamaza, si amepata amani yake? Na hebu nieleze wewe uliyesoma, yule Komredi alikuwa mtu mwema au mbaya? Nikijua hilo nitajua pa kusimama.

Ni mimi,
Mjomba Sabuni

Mjomba,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika mahali pamoja, wala si pale ulipotia jina lako. Pale ulikuwa kijana, katibu amekusimamia, na sijui mimi ningefanya nini. Nakuonea huruma. Lakini mwezi uliopita hakuna aliyekusimamia. Ulikuwa sebuleni kwako, mtu mzima, na binti wa watu alikuuliza swali moja tu.

Unataka nikuhukumie Komredi ili wewe upone. Siwezi. Amri ya kutundika ubao ilitoka kwake, na utawala uliomchukua mwalimu ulikuwa wake. La kwanza halifuti la pili, wala la pili halikurudishi kwenye dole gumba. Wenye kumsifu wamsifu, wenye kumlaani wamlaani, ila kila mtu aseme alichokiona. Wewe uliona kofia.

Na hiyo unayoiita amani si yake, umemwazima. Siku akijua, na atajua, maana uliotia sahihi nao bado wana midomo, atakuwa amempoteza baba mara ya pili, na safari hii mbele ya ukumbi mzima.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwenye cherehani yake, peke yako. Usianze na hadithi ya jipu. Mwambie hukuwahi kuzungumza na Komredi, na hujui kama alilia. Mwambie lile swali la sabuni lilikuwa lako na jina lako limo kwenye karatasi ya katibu. Usitaje wenzako kabla hajakuuliza, na usiseme "zama zile". Kisha kaa kimya, ajibu yeye. Akitaka kujua gari lilikuwa la rangi gani, baba yake alivaa nini, lilielekea wapi, mjibu yale uliyoyaona kwa macho yako, na usipokumbuka sema sikumbuki. Kwako neno hilo litakuwa geni, lakini utalizoea.

Ukitoka hapo pita maktaba, mwambie mpwa wako akutoe kwenye orodha na umweleze sababu. Jumamosi uende, ukae na watu. Binti akisimama kuomba picha ibaki, au akiomba ing'olewe, wewe usipige makofi.

Msamaha usimwombe hiyo kesho. Utakuwa unamwongezea kazi. Na akikufungia mlango, usigonge mara ya pili.