Leo Utasoma Wewe, Semisi

Semisi,

Lu ya nyama ya kopo, niliyoifunga kwa majani ya magimbi, iko sufuriani, pasha tu. Nguruwe wape maganda ya magimbi kabla hawajabomoa ua tena. Mimi niko ukumbini na wanawake, tunagonga magome ya kutengenezea vitambaa vya ngatu. Kwa hasira niliyonayo, leo nyundo yangu itasikika kijiji cha pili.

Asubuhi nilinyamaza, maana kwa mila zetu dada na kaka hatugombani ana kwa ana. Karatasi haina mwiko huo.

Binti yako Losaline, ambaye hata vijitabu vya picha humshinda kumaliza, ameng'ang'ana juma zima na kitabu kinene cha nyangumi. Leo akaja mwenyewe kukusomea. Akakwama kwenye neno moja tu, nawe ukacheka hadi chai ikakutoka puani: "Mwanangu, kasa angeshafika Fiji!" Akaja jikoni macho yamejaa machozi. "Shangazi, vitabu virefu basi tena." Hongera, mchekeshaji!

~~Kitabu nimeondoka nacho, hukistahili.~~ Hapana. Kiko hapa mezani. Baada ya sala ya jioni utamsomea wewe, sura nzima, kwa sauti. Utakwama tu, nakujua tangu shuleni. Mwache acheke mpaka ashibe, kisha umpe yeye aendelee, nawe ufunge mdomo.

Usiseme umechoka. Kwa wanao, neno la dada wa baba halipingwi, hata ukinuna mpaka Krismasi.

Na wewe Losaline, najua umeiokota karatasi hii kabla ya baba yako. Ndefu, sivyo? Na umeimaliza.

Shangazi