Mume wangu anataka niandike programu, mimi nimependa nyaya

Shangazi mpendwa, shikamoo, naomba sikio lako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo mwisho wa kujiandikisha chuoni na mimi mpaka sasa niko njia panda, mguu mmoja huku mwingine kule.

Mimi ni msusi, umri wangu ni miaka thelathini na tisa, saluni nimeshinda humo tangu usichana na kusuka ndiko kulikonisaidia kulea wanangu wawili, lakini mwaka jana kifua kilianza kubana, nikimpaka mteja dawa ya kulainisha nywele nakohoa mpaka yeye ndiye anainuka kuniletea maji, na daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba dawa zile na kifua changu haviwezi kukaa chumba kimoja, nichague. Nikachagua kifua. Nililia, kisha nikapangusa uso nikaanza kuuliza watu kazi gani mtu wa umri wangu anaweza kuianza upya, na kila mtu akanijibu kompyuta, kana kwamba kompyuta ni kazi moja, kumbe ni kama kumwambia mtu afanye kazi ya nguo bila kumwambia kama ashone, afue au auze.

Sasa mume wangu ni mwandishi wa programu, anafanyia kazi nyumbani kwenye chumba cha nyuma, meza yake inatazama ukuta, na aliposikia nataka kusoma alifurahi kama mtoto aliyeahidiwa viatu. Akasema, "Mama watoto, chukua kozi ya programu, nusu nitakufundisha mwenyewe, na ukimaliza tutaweka meza mbili zitazamane." Masomo yakaanza jioni ile ile. Naandika mstari, kompyuta inakataa, ananiambia angalia vizuri, naangalia vizuri naona kile kile, ananiambia umesahau alama, namuuliza alama gani, ananiambia hiyo ndogo, na alama yenyewe Shangazi ni nukta mkato, kwa nukta mkato tumenuniana mpaka chai ikapoa. Binti yetu mkubwa alichungulia mlangoni akasema, "Baba, mbona sauti hiyo kwetu huitumii?"

Si kwamba siwezi. Kuna siku programu yangu ndogo ya kupanga zamu za wateja ilikubali, nikafurahi, mwenzangu akafurahi kunizidi. Lakini nikishafurahi nageuka nimsimulie mtu, naukuta ukuta.

Basi chuo kilicho mtaa wa pili kutoka saluni kikatangaza siku ya kuonja kozi, nikaenda kuonja programu, darasa limejaa, wakaniambia nisubiri kwenye chumba cha kozi ya mitandao, wanakofundishwa kuunganisha kompyuta kwa nyaya. Mkufunzi wa humo ni mama mmoja mnene wa buti na mkanda wa vifaa kiunoni, alimpa kila mtu kipande cha waya akasema tuuchune, na ndani yake nikakuta nyuzi nane za rangi zimesokotwa mbili mbili. Shangazi, zimesokotwa. Unazifumua, unazinyoosha, unazipanga kwa rangi, unazikata ncha ziwe sawa, unazibana kwa koleo, kisha unachomeka kwenye kijaribio, kidude cha kupimia waya, na taa zinawaka moja baada ya nyingine. Zangu zikawaka. Mkufunzi akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikamwambia, akasema, "Basi vidole vimeshasoma, sasa tukae na kichwa."

Alasiri akatuchukua kwenye ofisi ya jirani ambako mtandao ulikuwa umekatika, tukapanda ngazi, tukafuata waya juu ya dari mpaka unaposhuka ukutani, tukakuta umebanwa na kabati jipya la mafaili, na muda wote karani ananisimulia ugonjwa wa magoti yake na mhasibu ananionyesha picha za mjukuu, na mtandao uliporudi walitupigia makofi. Nilitoka pale nyusi zimejaa vumbi na moyo umejaa.

Nyumbani nikagusia tu, na bahati mbaya wifi yangu alikuwepo. Akaniambia, "Kaka yangu ana kazi ya maana, wewe unataka kupanda dari za watu kama paka?" Mume wangu aliinuka akaenda chumba cha nyuma. Kesho yake nikakuta amenunua meza ya pili. Iko pale, bado na nailoni yake, kila nikipita inanitazama. Tangu hapo naaga nakwenda kukabidhi saluni, kumbe nakwenda kukaa na yule mkufunzi, na saluni yenyewe nilishaikabidhi siku nyingi. Wanasema programu ina mustakabali mzuri zaidi, na mume ananipenda, na meza ameshanunua. Nifanyeje? Kama ni kunikaripia, nikaripie taratibu, kifua bado.

Mimi Msusi wa Meza ya Pili

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kifua, na hongera kwa kukisikiliza, wengine hungoja mpaka kiwalaze.

Sasa kaa nikukaripie. Mwanamke wa makamo mwenye watoto wawili anatoroka nyumbani kwenda kuchuna waya, tena anadanganya kwa jina la saluni aliyokwisha kuikabidhi. Hujafanya kosa lolote kupenda nyaya, lakini kwa kuzificha umezifanya zifanane na hawara. Mumeo akikugundua hataona koleo, ataona uongo. Hilo likome leo.

Pili, wifi yako mwache alipo. Yeye hasomi kozi, hapandi ngazi, wala kifua si chake. Na hao wanaokuambia programu ina mustakabali mzuri zaidi, waulize mustakabali wa nani. Kazi zote mbili zinalisha watu. Swali lako ni moja: ni ipi utaendelea nayo siku ile ambayo kila kitu kimekataa? Umenijibu mwenyewe bila kujua. Nukta mkato ilikununisha mpaka chai ikapoa. Waya uliobanwa na kabati ulikupandisha darini ukashuka unacheka. Wewe umezoea mikono ikifanya kazi na mdomo nao ukifanya yake. Kukukalisha mbele ya ukuta kutwa nzima ni kukufunga jela yenye kiyoyozi.

Lakini kuna jambo umelipita mbio, na mimi limenikamata shati. Vumbi. Umekimbia dawa za nywele kwa sababu ya kifua, sasa unataka kuingiza kichwa kwenye dari zisizofagiliwa tangu zijengwe, na huna hata neno moja la daktari. Kabla hujalipa ada, rudi kwake, mweleze kazi hiyo ilivyo, usiipambe. Akikataa, itabidi tuzungumze upya. Na huyo mkufunzi wa buti, pamoja na kwamba nimeanza kumpenda, muulize wanafunzi wake wa mwaka jana wako wapi, uongee na wawili watatu, tena asiwe yeye anayewachagua. Chuo kizuri hakikasiriki kuulizwa.

Tumalizie na mumeo. Umemwona mwalimu mkali, na wifi yako kamwona bwana mkubwa wa kompyuta. Mimi nimeona mtu anayeshinda peke yake chumba cha nyuma. Wewe maisha yako yote umezungukwa na vichwa na vicheko, yeye huzungumza na nani mchana? Mtu anayenunua meza baada ya kusikia mkewe anataka kwenda kwingine hakuwa akitafuta mwanafunzi. Ana upweke, na hajui jina lake. Basi usimpe hotuba kuhusu nyaya. Zima jiko, funga mlango, mwambie ulikuwa unakwenda wapi, kisha umuulize siku zake zinapitaje. Halafu unyamaze, hata kama kwako ni kazi ngumu kuliko ngazi.

Wasomaji, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa karibu, majibu haya nilimsomea kwa simu kabla hayajachapishwa. Jana amenipigia.

Anasema alimwambia. Akamuuliza siku zake zinapitaje, kisha akajiuma ulimi. Mume akasema, "Nilidhani nikikufundisha, nitakuwa na mtu wa kuongea naye. Kuna siku sauti yangu naisikia mara ya kwanza watoto wakirudi kutoka shule."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Nikwambie mtu mzima nimekosa wenzangu wa kucheza?"

Wakacheka, kisha akalia kidogo, yeye mume. Daktari amemruhusu msusi, kwa sharti la barakoa nzuri na asipande dari siku kifua kinapobana. Waliohitimu aliongea nao, mmoja bado anatafuta kazi na alimwambia ukweli huo, wawili wanafanya kazi. Alhamisi alijiandikisha. Meza ya pili wameipa binti mkubwa, ndiyo ya masomo yake. Na mume amekodi nafasi kwenye ofisi moja wanayokaa wachoraji ramani na mtu wa bima, anakwenda siku tatu kwa wiki.

Nikamuuliza msusi wetu, nyumbani hali ikoje sasa. Akashusha pumzi. "Shangazi, narudi nimechoka, nataka kumsimulia ya darasani, sipati nafasi. Anaanza na habari za mtu wa bima tangu mlangoni, na hajavua hata viatu."